Aliyekaa Waraka Ukisomwa

Ijumaa saa kumi jioni Bibi Thandamma alikuwa baraza ya nyuma anamenya muhogo, na mkwewe Shaini amekaa kizingitini anamsomea waraka wa Baba Askofu kwenye simu. Waraka wenyewe ulikuwa wa kusomwa kanisani Jumapili. Lakini kijijini Elanjippara nyaraka zinavuja. Zikitoka tu mezani kwa karani wa askofu, zinatua kwenye grupu la WhatsApp la akina mama, mhuri, sahihi na kila kitu. Ikifika Jumapili kila mtu anajua kilichoandikwa, na bado kila mtu anakwenda kusimama ausikilize. Waraka ambao haujasomwa mbele ya madhabahu ni karatasi tu.

"Soma pale panaponihusu," bibi akasema.

"Namba nne, Mama. 'Marehemu wanaokuja kusikiliza nyaraka wasimame kwa utaratibu. Wanaume kaskazini, wanawake kusini. Wasiegemee madirisha.'"

"Hapo kasema kweli. Madirisha yenyewe yameoza."

"'Waliozikwa pembeni wasivuke ukuta.'" Shaini akaishusha simu.

"Endelea bwana. Nina miaka themanini na moja, unaniogopea nini tena?"

Marehemu wa Elanjippara huja. Walianza kuja zamani zile nyaraka zinachorwa kwenye majani makavu ya mtende. Kila waraka unafunguliwa na salamu ileile: kwa padri, kwa wazee wa kanisa, na kwa watoto wetu wote wa kanisa hilo. Wote. Hakuna askofu aliyewahi kuandika "walio hai". Kwa hiyo misa ikiisha, Padri Skaria akiifungua ile karatasi na kuubusu mhuri, watu wanasimama, na huko nje makaburini nao wanasimama. Hakuna jiwe linaloinuka. Unaangalia dirishani, wapo. Mbele ni wa mwaka jana, bado wananukia marashi ya mazishi. Nyuma yao wa zamani. Nyuma kabisa wanaume wenye nywele za fundo, ambao majina yao yamebaki kwenye daftari la ubatizo tu. Wanafika kama mia nne. Mvua inawanyeshea bila sauti. Vyura wa mashamba ya mpunga wananyamaza. Kitoto kinachonyonya kinaachia ziwa kinasikiliza. Wageni wanaokuja kwa harusi wanasema hawajawahi kusikia kimya kikubwa namna ile mahali popote, na simu zinageuzwa kifudifudi bila mtu kuambiwa.

Mmoja tu anasimama peke yake, ng'ambo ya ukuta, kwenye ile pembe yenye upupu wanapowekwa waliokufa wakiwa wametengwa na kanisa. Huyo ni Ittoop, mume wa Thandamma.

Miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya Jumamosi, fenesi lilimwangukia Ittoop mguuni. Kesho yake ukaja waraka wa kurasa kumi na moja. Kurasa sita alisimama. Ukurasa wa saba akakaa. Mzee wa kanisa, Pothen, akaona, akaandika. Ittoop akaambiwa asimame mbele ya watu na mshumaa mkononi aombe msamaha. Akamjibu Pothen, "Liambieni fenesi lije liombe msamaha kwanza, mimi nitafuata." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lile jibu likafika kwa askofu, kicheko kikabaki njiani. Kabla mambo hayajaisha, homa ikamchukua Ittoop, wakamweka pembeni.

Tangu siku hiyo zimesomwa nyaraka mia moja arobaini na tatu. Thandamma kazihesabu. Zote Ittoop kasimama, toka salamu mpaka amina, kidole bado kimefungwa kitambaa, mguu umevimba kama papai. Hajaegemea hata mara moja. Marehemu wengine, tuseme ukweli, wanaegemea.

Thandamma alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: Ittoop ahamishiwe kaburi la ukoo, ili akilala alale naye. La sivyo atalazwa na mama mkwe wake, waliyegombana naye miaka ishirini. Padri Skaria alimwandikia askofu, akataja na zile nyaraka mia moja arobaini na tatu. Huu waraka ndio ulikuwa jibu.

Shaini akaendelea. "'Aliyezikwa pembeni atahamishwa pindi atakapoomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, mshumaa mkononi.'"

"Marehemu hawaongei."

"Ndiyo, Mama."

"Kwani Padri hakumwambia Askofu?"

"Alimwambia. Hii hapa. 'Tumearifiwa kwamba marehemu hawaongei. Utaratibu ni huohuo.'"

Bibi akamenya muhogo mmoja mzima.

"Halafu namba tano. 'Yeyote atakayekaa waraka ukisomwa, naye atazikwa pembeni.'"

Kisu kikasimama. "Hebu rudia hiyo."

Shaini akarudia. Bibi akaosha muhogo, akaubandika, na jioni hiyo akaula na samaki wa pilipili, sahani mbili.

Jumapili akavaa nguo zake nyeupe, zile za kizamani zenye mikunjo nyuma kama upepeo, akabeba mbuzi ya nazi kwapani. Pothen alikuwa getini na fimbo yake na daftari lake la makosa.

"Thandamma! Unakwenda kukuna nazi kanisani?"

"Miguu yangu, Pothen. Kalamu yako ina wino?"

"Ina wino siku zote."

"Vizuri. Isije ikakuaibisha leo."

Misa ikaisha. Padri akafungua karatasi, akabusu mhuri, watu wakasimama, vyura wakanyamaza. Thandamma akatoka kwa mlango wa pembeni, akapita katikati ya marehemu, nao wakampisha. Mama mkwe wake alikuwa dirisha la tatu, ameegemea. Akamwamkia, akapita. Shaini akamfuata mbio mpaka ukutani, akanong'ona, "Mama, rudi! Ukilala huku, kaburini mimi nitalala na nani?"

"Na mumeo. Anza kumpenda mapema. Nishike mkono nivuke."

Shaini akamshika mkono. Akavuka.

Akasimama kando ya Ittoop. Padri Skaria akasoma namba moja, mbili, tatu. Namba nne aliisoma bila kunyanyua macho, maana kutoka pale mbele dirisha linaonyesha pembe yote. Akasoma namba tano. Thandamma akaiweka mbuzi chini, akageuza ulimi wa chuma upande wa pili, akakaa. Mlio wa ule ubao kwenye jiwe ulisikika mpaka madhabahuni, kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine duniani. Padri akanyanyua macho. Lakini waraka ukishaanza haukatizwi, akaendelea. Pothen akaandika.

Hapo Ittoop, ambaye miaka thelathini na moja alikuwa anaangalia mbele tu, akageuza shingo. Akamwangalia mkewe. Akamwangalia sana. Kisha akakunja magoti polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akakaa chini kwenye matope. Akaunyoosha mguu. Thandamma akaupakata, akafungua kile kitambaa, akaanza kuukanda kidole kimoja kimoja. Vichwa mia nne vikageuka vyote pamoja. Hakuna aliyekohoa, si wa ndani, si wa nje. Mvua iliyokuwa inanyesha ikawa kama imesimama hewani inangoja, mpaka Padri aliposema amina, ikashuka.

Thandamma alikufa mvua za mwezi wa Karkidakam zilipokolea. Walimzika kwa mujibu wa namba tano, bila mshumaa, Pothen ametangulia na daftari.

Waraka uliofuata ulihusu mitihani ya shule ya Jumapili, kurasa kumi na mbili. Padri akabusu mhuri. Watu wakasimama, marehemu wakasimama, wanaume kaskazini, wanawake kusini, mbali na madirisha. Kule pembeni wawili wamekaa, mguu wa mmoja kwenye mapaja ya mwenzake. Pothen akaandika majina yote mawili, kama anavyoyaandika mpaka leo, akayapeleka kwa askofu. Ilipofika ukurasa wa tisa watu walikuwa wanahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, wazima na wafu, wote wakiangalia mbele.