Ngoma Inasikika, Picha Haionekani

Kwanza vilitoka vigelegele. Ikafuata ngoma, kisha sauti nene ya kike ikaita, "Mtoeni mwali!" na wanawake wengine wakaitikia kwa vicheko. Vyote hivyo vilisikika vizuri kwenye spika. Lakini kioo cha kompyuta hakikuonyesha mwali, wala ngoma, wala mtu. Kilionyesha kile kilima cha majani mabichi na mbingu ya buluu ambacho kompyuta zote za Kibiti mwaka ule zilikuja nacho.

Zuhra akaifunga programu, akaifungua tena. Vigelegele, ngoma, "Mtoeni mwali!" Na kilima kile kile.

"Mbona twasikia, hatuoni?" akauliza Bi Mwanasiti.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, mdogo wake Biasha ubavuni. Bi Mwanasiti ndiye mama wa huyo mwali aliyekuwa akiitwa kwenye spika. Ijumaa iliyopita alimwoza binti yake Maryam kwa watu wa Bungu, na usiku wa kuamkia ndoa wanawake walijifungia uani wakacheza ngoma yao, ile isiyoingia mwanamume hata awe mtoto wa kunyonya. Kamera iliruhusiwa kwa sharti moja: ashike Zuhra, kwa kuwa ni mwanamke, na picha asiione mwanamume. Zuhra aliapishwa na kungwi wa Maryam, mkono juu ya kinu, watu wakishuhudia. Mama mkwe wa Maryam alikuwepo. Hakucheka wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Nikisikia kuna dume limemwona mkwe wangu akicheza vile, mtoto mtamfuata wenyewe."

Leo Bi Mwanasiti alikuja kuiangalia kanda kabla haijatiwa kwenye DVD.

"Subiri kidogo, mama," Zuhra alisema. "Kompyuta ina ukaidi wake."

Akaizima, akaiwasha. Wakangoja, jenereta ya jirani ikiunguruma, na Iman, binti wa Zuhra, amelala kwenye mkeka chini ya meza, kidole mdomoni. Nyuma ya pazia la mlango wa uani kulikuwa na mtu anatwanga. Huyo alikuwa Johari, mke wa Sufiani mwenye studio. Johari na Bi Mwanasiti walikuwa hawasalimiani tangu mfungo uliopita, kwa maneno ya kisimani ambayo hata wenyewe walikuwa hawayakumbuki vizuri. Sare za kanga za harusi zilipogawiwa mtaa mzima, nyumba hii ilirukwa.

Programu ikafunguka. Vigelegele vikatoka. Picha hamna.

"Mie sijasoma," Biasha alisema, "lakini redio naijua. Hii ni redio."

Hapo ndipo Zuhra alipoitupia macho meza ndogo iliyokuwa mkabala na benchi. Ilikuwa tupu, na vumbi limeacha alama ya mraba katikati. Akaelewa, na kwa furaha ya kuelewa akasema kabla ya kufikiri.

"Aa, nimejua! Kompyuta hii huwa ina monita mbili, hii yangu na ile ya wateja, ile mliyochagulia picha za kadi. Ile ya pili haipo, lakini kompyuta bado inadhani ipo. Picha inaipeleka kule."

"Kule wapi?" akauliza Bi Mwanasiti.

"Kwenye monita ya pili."

"Ambayo iko wapi?"

"Sufiani ameibeba asubuhi."

"Nimekuuliza iko wapi, Mama Iman."

"Bungu. Kwa binamu yake Gharibu."

"Gharibu wa banda la video?"

Vigelegele vikaendelea kumwagika kwenye spika, na Biasha akajishika kifua.

"Yarabi! Dada, basi saa hizi wanaume wa Bungu wanakutazama na ule mtandio wako uliodondoka."

"Hapana, hapana jamani! Haiwezekani. Bila waya hakiendi kitu. Waya wake huu hapa, unaning'inia."

Biasha akaitoa simu yake kifuani, akaipeperusha hewani. "Na hii ina waya gani? Jana nimeongea na mwanangu Temeke kwa hii hii. Wewe mtoto, usitufanye mafala."

Bi Mwanasiti hakuwa na kelele za mdogo wake. Alisimama, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akarudi kukaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Zuhra.

"Sufiani alijua leo ninakuja?"

"Alijua."

"Na leo hiyo hiyo akaona aibebe monita."

"Televisheni ya Gharibu imeungua, mama. Ndivyo alivyosema."

"Ndivyo alivyosema," Bi Mwanasiti akarudia.

Kamera ile ndiyo iliyomtoa Zuhra kwenye kuuza vitumbua stendi. Miezi yote aliyosoma kompyuta jioni, mtoto mgongoni, mtoto tumboni kabla ya hapo, ilikuwa ili wanawake wamfungulie uani wao na kusema, mwacheni apite huyu, ni mwenzetu. Leo akitoka hapa na jina la kuuza siri, hakuna ua utakaomfungukia kuanzia Kibiti mpaka Nyamwage. Na Maryam wa watu atarudishwa kwao hajamaliza hata siku zake za fungate.

Akafumba macho, akamtafuta mwalimu wake wa jioni, Tamimu, mtu wa kusema na chaki mdomoni. Tamimu aliwahi kuwaambia kwamba kilichofunguliwa hakipotei, kipo palepale kilipoachwa mara ya mwisho. Kama pale hapaonekani, kivuteni.

Akapeleka mausi chini kabisa ya kioo, kwenye kile kibao chenye jina la programu, akabonyeza kitufe cha kulia. Kikachomoza kiorodha kidogo. Akatafuta neno la kuhamisha. Lilikuwepo, ila limefifia, halibonyezeki.

"Nini tena?" Biasha akauliza.

"Imetanuliwa yote. Inabidi kwanza niipunguze."

Alisema hivyo, na mkono wake ukasita. Imetanuliwa? Yeye hakuwa na desturi ya kuitanua. Akabonyeza neno la kuirudisha kwenye udogo wake. Kilima cha majani hakikutikisika. Akakirudia kiorodha, na sasa neno la kuhamisha lilikuwa jeusi, zima. Akalichagua, akagusa mara moja kitufe chenye mshale wa kushoto, kisha akaanza kuusogeza mausi polepole, kama mtu anayevuta kamba bila kujua upande wa pili kuna nini.

Kwenye ukingo wa kulia wa kioo ukatokea mkono wa mtu. Mkono wenye piko mpaka kwenye kiwiko. Halafu bega, halafu uso wa Maryam ukiwa umeinama, halafu uani kote na wanawake wake wote, wakiingia kwa ubavu.

"Wanarudi!" Biasha akapiga ukelele. "Wanarudi kutoka Bungu! Dada, si unaona wanatokea upande wa Bungu?"

Zuhra akacheka, kicheko cha mtu aliyetua ndoo. Akaieleza tena, kwa utulivu safari hii: kompyuta inajiwekea nafasi pembeni hata kama hapo pembeni hapana kioo, kama mtu anayemtengea sahani mgeni asiyekuja. Hakuna kilichokwenda Bungu. Picha ilikuwa humu humu ndani, imekaa pasipoonekana. Akampa Bi Mwanasiti mausi aisukume picha mwenyewe, itoke, irudi. Bi Mwanasiti akaitoa, akairudisha. Uso ukaanza kulegea.

Kisha ukakazika tena.

"Umesema iko palepale ilipoachwa mara ya mwisho."

Kumbe Zuhra alikuwa ameyatamka maneno ya Tamimu kwa sauti.

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyeiacha huko ni nani? Ni wewe?"

Pale ndipo Zuhra alipofika ule mlango aliokuwa akiukwepa tangu mkono wake uliposita. Yeye kanda hii aliifanyia kazi kwenye monita yake, pazia limeteremshwa, monita ya wateja imezimwa. Hakuwahi kuipeleka upande wa benchi hata siku moja. Mtu mwingine ndiye aliyeifungua, akaivuta hadi kwenye kioo cha wateja, akaitanua kioo kizima, akakaa hapo benchi akatazama. Na ufunguo wa studio anao Sufiani.

Angeweza kusema ndiyo, ni mimi. Neno moja tu, wangekunywa soda wakaenda zao. Akainama kumtazama Iman pale mkekani, midomo yake ikinyonya hewa usingizini. Huyu naye siku yake itafika, atatolewa nje kwa ngoma, na atacheza kwa kuwa ameambiwa ni salama.

"Si mimi," Zuhra alisema. "Kuna mtu ameitazama."

Bi Mwanasiti alipanga maneno yake taratibu.

"Sufiani."

"Sijui, mama. Sijamwona."

"Nani mwingine mwenye ufunguo? Anaitazama jana, leo anabeba monita anakwenda nayo Bungu, kwa wakwe zangu. Biasha, hebu tafuta pikipiki. Nataka nimkute akiwa huko huko, anieleze mbele ya watu."

Wakati huo Zuhra akagundua kuwa kule uani hakutwangwi tena. Hakujua kulikoma saa ngapi. Pazia likasogea, Johari akatokea, unga kwenye mikono, kanga kiunoni.

"Mwache mume wangu," alisema. "Ni mie."

Bi Mwanasiti hakumtazama. Alisema na Zuhra, kana kwamba aliyeingia ni paka. "Mwambie mke anamfichia mume. Nami ningemfichia."

"Nimemwona Mama Iman kila siku anavyofanya," Johari akaendelea. "Kuibonyeza, kuivuta. Jana nikaivuta nikaiweka kule, nikaifanya kubwa."

"Kwa nini kule?" Zuhra akauliza. "Kwa nini si kwenye meza yangu?"

Johari akajifuta unga usiofutika. "Kwenye meza ningekuwa fundi. Nilitaka kukaa benchi nitazame kama mwalikwa, kama wenzangu. Maryam nimembeba mie mgongoni, Mwanasiti. Ulipokuwa na homa ya uzazi wa mwanao Iddi, nani aliyemwogesha?"

Zuhra alitaka kuamini, lakini naye alikuwa akiyapima macho ya Johari, na aliona aibu kwa kupima kule.

"Kaa," Bi Mwanasiti alisema hatimaye. "Mama Iman, iache iende."

Johari akakaa ukingoni kabisa mwa benchi. Kanda ikaendelea. Biasha na Zuhra walitazama kioo. Bi Mwanasiti alimtazama Johari. Picha ikafika kwa nyanya yake Maryam, bibi wa watu, amesimama wima na fimbo yake, anaangalia wenzake kwa heshima zake. Hapakuwa na cha kuchekesha hapo. Lakini Johari akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika. Mara bibi akatupa fimbo, akajifunga kibwebwe, akashuka katikati ya ngoma akikata kiuno mpaka wapigaji wakapoteza mapigo.

Biasha akaangua kicheko. Bi Mwanasiti hakucheka.

"Kuiona umeiona," alisema. "Na mumeo alikuwa wapi?"

"Nilitia komeo. Amegonga mpaka amechoka, akaenda kula kwa mama yake. Tangu jana amenuna, hasemi nami."

"Hilo la kununa lina kweli," Biasha akadakia, anafuta machozi. "Asubuhi amenipita barabarani na monita lake kama anabeba maiti. Nimemsalimu mara mbili. Shemeji gani yule."

Bi Mwanasiti akavuta pumzi ndefu. Akauchukua mkoba wake uliokuwa umewekwa kati yake na Johari, akauhamishia upande wa pili. Johari akasogea, si sana.

"Mama Iman," Bi Mwanasiti akasema, "nikikuuliza kitu tena, nijibu kama ulivyonijibu leo. Na kwenye harusi ya kwa Zubeda mwezi ujao, nitawaambia wakufungulie na kamera yako, nimekuona." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Sasa hiyo ifunge. Hapo kwako, hapo hapo, mbele ya macho yangu, ili akiisogeza mtu tujue."

Zuhra akaifunga.

"Fungua."

Akaifungua. Ikatokea palepale alipoiacha, katikati ya kioo chake, na bibi akiwa amekamata kiuno.

"Tena," akasema Bi Mwanasiti.