Mnara Nilioubomoa kwa Ajili ya Nyumbu

Watu wa hapa Nabulusi wakijua kwamba nimetoka Baitul Mukadas, hunisogezea mkeka na kuniuliza Wafaranji, wale Wakristo wa ng'ambo ya bahari, walituvunjia vipi ukuta. Wanataka hadithi ya manjaniki ya kurushia mawe na ngazi na moto, kama walizosimuliwa na babu zao. Nawaambia hawakuuvunja. Walipokuja, mji walikabidhiwa kwa waraka, wakaingia kama watu wanaokwenda kuoga hamamu. Mnara wa kaskazini niliubomoa mimi, Ghanimu mwana wa Mufarriji, miaka kumi kabla yao, kwa mtaimbo wangu mwenyewe. Hapo mkeka huanza kuvutwa taratibu.

Na mnara huo niliujenga pia mimi. Nilikuwa kijana, marehemu Sultani ameshaurudisha mji mikononi mwetu, naye alihofu Wafaranji watakuja tena. Alikuwa akibeba mawe mwenyewe mbele ya tandiko la farasi wake, sisi tukimtazama kwa midomo wazi. Nilichanganya chokaa na majivu mpaka viganja vikabambuka. Miaka ishirini na saba baadaye, mtawala wetu wa Dameski, mtu wa ukoo wa Sultani yuleyule, akaamuru kazi yote ile ibomolewe. Wafaranji walikuwa wameuzingira mji wa Dimyati, kule Misri, naye akaona wakija kwetu ni heri waukute mji uchi kuliko wajifiche ndani ya ukuta wetu. Sisi wenye kulala ndani yake hatukuulizwa.

Kazi ilianza siku ya kwanza ya Muharramu. Wanawake walijazana msikitini, wakakata nywele zao na kuchana nguo. Mji wetu umezingirwa na kila mwenye upanga tangu enzi za manabii, lakini sijasikia kama uliwahi kuvunjwa na mlinzi wake. Mpaka leo nikilitaja jambo hilo mate yanakuwa machungu.

Binti yetu mmoja tu, Lulua, alikuwa kwetu na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa askari, yuko hukohuko Dimyati.

"Tunaondoka," nilimwambia mke wangu.

Zumuridi alikuwa anakanda unga, hakuinua hata kichwa. "Unaondoka na nani? Mtoto ana mimba ya miezi saba. Unataka azalie jangwani kama ngamia?"

"Mji usio na ukuta haulaliwi."

"Kakwambia nani? Walipokuja Warumi, ukuta si ulikuwepo? Walipokuja Waajemi, si ulikuwepo? Na hao Wafaranji waliochinja watu mpaka wakachoka, waliukuta mji uko wazi? Huo ukuta wenu ulimzuia nani, Baba Lulua? Nitajie mmoja tu."

"Babu wa babu yangu alitoka hai siku ile. Alisema damu ilikuwa..."

"Najua ilikuwa wapi. Nimelishwa hiyo damu tangu siku ya harusi."

Lulua alicheka, ameshika kiuno. "Mama, mwache. Akikasirika atanibomoa na mimi."

Nikapandisha sauti. Nikasema baba wa nyumba hii ni mimi, na nimeshasema.

Lakini kuondoka kwa mnyama gani? Siku ya tatu hapakuwa na punda, farasi wala ngamia wa kukodi mji mzima, na Lulua asingeweza kutembea. Ndipo amiri aliyesimamia ubomoaji, Tughrili, akatangaza: fundi atakayeuangusha mnara wake kabla ya siku kumi, jamaa zake watapewa nyumbu na nafasi katika msafara wenye ulinzi mpaka ngome ya Karaki, ng'ambo ya mto.

Sasa, sisi mafundi mawe tuna desturi yetu: jiwe halitolewi na aliyeliweka. Kazi yako ikitakiwa kubomolewa, unamwita fundi mwenzako alitoe jiwe la kwanza, ndipo nawe uingize mkono. Baba yangu aliwahi kusubiri nusu mwezi aje fundi kutoka mji wa Khalili, kwa ajili ya mwimo wa mlango wa jiko tu. Budeiri, jirani yangu, mwenye mnara uliofuata wangu, alimwendea amiri kwa adabu zote akaomba amsubiri fundi wa Khalili. Amiri alikuwa mgeni, na aliogopa laana za watu wa mawe, akakubali. Fundi huyo wa Khalili alikuwa ameshakimbilia Misri na watoto wake wote, na Budeiri alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

"Na wewe humwiti mtu?" aliniuliza.

"Nina binti mjamzito."

"Mimi ninao mabinti wanne, na sina haraka nao. Ghanimu, ndugu yangu, ugua mgongo. Lala chini uharishe siku ishirini. Nani atakuja kukagua?"

"Wakija Wafaranji utawaambia unaharisha?"

"Wakija nitaharisha kweli."

Nilimwona mpumbavu. Nilirudi kwenye mnara wangu, nikashika mtaimbo, nikalitoa jiwe la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe. Chokaa yangu ilinishinda nguvu siku tatu nzima, kwa sababu niliichanganya vizuri. Nikaacha kupigana nayo. Tukachimba chini ya msingi, tukauegemeza mnara juu ya magogo, tukayalowesha magogo kwa mafuta ya zeituni ambayo wakimbizi walikuwa wanayaacha milangoni, kisha tukatia moto. Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, mnara ulichuchumaa kama mzee anayetafuta kiti, kisha ukalala upande wa nje, palepale nilipokuwa nimepanga. Nilifurahi. Lazima niseme ukweli: nilifurahi, kwa sababu ulianguka vizuri.

Nikapewa nyumbu.

Njia ya kushuka bonde la Riha mnaijua. Ni mteremko na mawe makali, na msafara ule ulikwenda kwa mwendo wa askari, sio wa mwanamke mwenye mimba. Wasichana waliokatikiwa na viatu walikuwa wanachana shungi zao na kufunga nyayo. Lulua aliniambia mara ya kwanza, "Baba, nishushe kidogo." Nikamwambia mbele kidogo. Mara ya pili nikamwambia tukifika bondeni. Mara ya tatu hakuniomba mimi, alimwomba mama yake, na Zumuridi akamshika nyumbu hatamu akamsimamisha mbele ya mkuu wa askari. Damu ilikuwa imeshafika kwenye tandiko.

Msafara haukungoja. Askari mmoja alirudi, nikadhani ametuletea maji. Alikuja kumchukua nyumbu, maana nyumbu alikuwa mali ya amiri.

Zumuridi na bibi mmoja tusiyemjua walimzungushia Lulua shuka. Mtoto alikuwa wa kiume, hakulia. Lulua alikaa hai mpaka jua linakaribia kuzama. Alimuuliza mama yake kama tumeshafika, na mama yake akamwambia ndiyo, mwanangu, tumefika.

Udongo wa bonde lile ni laini, kaburi halikutuchukua muda. Nilitafuta jiwe la kuweka kichwani. Miaka thelathini nimelala na mawe, nimeamka na mawe, na siku ile kila nilichookota kilimong'onyoka mkononi kuwa vumbi. Nikaacha kifundo cha kilemba changu juu ya kijiti.

Asubuhi Zumuridi alisimama akaanza kutembea. Hakwenda Karaki, alipanda njia tuliyotoka. Nikamfuata kwa nyuma siku mbili nzima na hakugeuka.

Tuliingia mjini kupitia pengo langu. Hapakuwa na lango la kubisha. Milango mingi ilikuwa wazi na paka wamelala vizingitini, lakini mnara wa Budeiri ulikuwa umesimama vilevile, hakuna aliyeugusa, na chini yake tanuri lilikuwa linawaka. Hasna, mkewe, alikuwa anaipua mikate, mabinti zake wanne wamekaa wanagombana juu ya sahani. Wafaranji hawakuwa wamekuja. Hawakuja mwaka ule, wala uliofuata, wala wa baada yake. Walipokuja, wale mabinti walikuwa wameshaolewa wote.

"Mmerudi!" Hasna alipiga kigelegele. "Jamani, na Lulua mmemwacha wapi? Yuko nyuma?"

"Mwulize fundi," Zumuridi alisema. Kisha akaketi chini, palepale penye majivu, akafunika uso.

Budeiri alitoka ndani na kunitazama. Alikuwa na haki ya kuniambia kwamba alinionya, na kama angesema ningempiga, na ningepata nafuu. Alichukua mkate mmoja wa moto, akaupaka mafuta na majani ya zatari, akanipa mkononi kama anavyopewa mgeni.

Nilikuwa na njaa. Nikala mkate wote, Zumuridi ananitazama kupitia vidole vyake.