Jina la Mwoka Mikate

Mwalimu Kingori wa Othaya alimpenda Jenerali Druo, aliyemsoma kitabuni, kupita kiasi, na nani angemlaumu? Mtoto wa mwoka mikate kule Ufaransa, akisoma alfajiri kwa mwanga wa tanuri la baba yake, akaenda kwenye mtihani wa maafisa wa mizinga akiwa na viatu vya shamba. Wenzake wakamcheka. Akajibu kila swali, nao wakambeba juu juu. Akapigana vita vya Napoleoni, na bwana wake alipopelekwa uhamishoni kisiwani, akamfuata. Uzeeni, akiwa kipofu, bado aliwagawia maskini pensheni yake. Watu wa aina hiyo wako wangapi?

Kwa hivyo mwaka wa 1966, mkewe Wacera alipojifungua mtoto wa kiume wa pili, Kingori akatangaza kwamba ataitwa Druo. Kusoma kwingine kunaleta wazimu jamani. Kila Mgikuyu anajua mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, na wa pili la baba wa mke. Wacera alikuwa mtoto wa pekee wa mzee Kahiga. Jina likikosekana hapo, limekwisha.

"Mwambie mwenyewe," Wacera alisema, akamgeuzia mgongo.

Mzee alikuja kumwona mtoto akiwa na koti lake la Jumapili. Kingori akamsimulia maisha ya jenerali kuanzia tanuri hadi kaburi, akitumaini sifa zitalainisha habari, kisha akamweleza anachotaka. Kahiga alikuwa ameoka mikate miaka thelathini katika hoteli moja mjini Nyeri, mikono imejaa makovu ya moto, na mikate hiyo ndiyo iliyomsomesha Wacera.

"Huyo alikuwa mwanaume kweli," akasema. "Na baba yake, ule wa mikate, alikuwa anaitwa nani?"

"Kitabu hakisemi, baba."

"Haya. Basi mpe mtoto jina ya huyo mkubwa. Ni sawa tu."

Kingori akaona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka yote alimsifu mtoto wa mwoka mikate, na sasa mwoka mikate mwenyewe yuko mbele yake na kikombe cha chai, ananyang'anywa jina. Akamchukua mtoto, aliyekuwa akilia, akamweka mapajani mwa mzee.

"Baba, huyu ni wewe. Ni Kahiga."

Mzee akamtazama mtoto, machozi yakamtiririka asiyafute. Kisha akamgeukia bintiye, akamnyooshea mtoto aliyekuwa bado analia.

"Wacera, unangoja nini? Si unaona ninalia njaa."