Sauti Sebuleni, Picha Jikoni

Kwa Wandali, mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe. Hamsalimii, hali naye, hamtazami usoni, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Wengi waliohamia Tunduma walishayalegeza hayo mambo. Siku hizi utaona mkamwana anapiga selfi na baba mkwe harusini, tena shavu kwa shavu. Lakini nyumbani kwa Osea adabu ilikuwa imekazwa kama nati za gurudumu. Mkewe, Ikupa, alilelewa na bibi asiye na mchezo. Baba yake Osea, mzee Yesaya, naye alikuwa hakubali kuzidiwa heshima na mtoto wa watu.

Kwa hiyo tangu mzee afike kutoka kijijini Ikinga kusubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, nyumba ikawa na mpaka mkali kuliko ule wa Tunduma na Nakonde ya Zambia, na huu haukuwa hata na njia za panya. Sebule ya mzee, jiko la Ikupa. Katikati kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, kimefunikwa pazia la maua. Ikupa akitaka kwenda chumbani, anatokea mlango wa uani, anazunguka nyumba nzima, anaingilia mlango wa pembeni. Mvua inanyesha, anazunguka. Mzee akikohoa tu, anaganda ukutani kama mjusi.

Kuzunguka alishazoea. Shida ilikuwa tamthilia.

Kila jioni palikuwa na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na Ikupa hakuwahi kuikosa tangu yule kijana wa koti jeusi alipotupwa kisimani na shangazi yake. Mzee alipokuja, televisheni ikabaki upande wake. Ikupa akawa anakimbilia kwa jirani, Tabu, muuza vitenge kutoka Tanga. Mzee Yesaya macho yake yaliona vivuli tu, lakini masikio yake yalisikia mpaka sisimizi akipiga miayo, na ile safari ya kila jioni akaigundua. Kibaya zaidi, yeye mwenyewe alishanaswa na tamthilia ileile, kwa hiyo alijua vizuri mwenzake anafuata nini.

Jumatatu akamwita Osea na kumwambia kwa upole kwamba Jumatano anarudi Ikinga. Osea akamkumbusha kuwa upasuaji ni Alhamisi, madaktari wa macho wamekuja kwa wiki hii tu, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mzee akasema hayo yote anayajua.

"Nimemfukuza mwenye nyumba kwenye nyumba yake," alisema. "Mtoto wa watu anatazama televisheni kwa jirani kwa sababu yangu. Nikipona macho nitazame nini, aibu?"

Osea alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ni kuvusha malori kwenda Zambia na Kongo, na hakuna foleni iliyowahi kumlaza njaa. Alikaa akawaza, mara suluhisho likamjia. Stoo kulikuwa na televisheni ya zamani, ile ya chogo. Aiweke jikoni, agawe waya kutoka king'amuzi kilekile, mzee atazame huku na Ikupa kule, mpaka ubaki palepale na kila mtu abaki na heshima yake. Akacheka peke yake barabarani kwa jinsi alivyojiona ana akili.

Akavuka Nakonde kununua kigawanyio. Muuzaji alimpa cha njano, kichwa kimoja mikia miwili, kisha akamuuliza kama hachukui na cheupe na chekundu. Osea akasema hapana. Muuzaji akamtazama kuona kama ana hakika.

"Shua, ba Osea?"

"Shua."

Hesabu yake ilikuwa ya mpakani. Kichwa cha lori kikishavuka, tela halibaki Tunduma. Picha ikishapita kwenye ule waya wa njano, sauti itafuata nyuma yenyewe. Na hiyo nadharia alimweleza mkewe kwa kirefu, mkono mmoja ukiwa kichwa cha lori na mwingine tela.

Jumanne jioni akachomeka. Televisheni ya jikoni ikakohoa, ikamwaga chenga, ikatoa picha. Ikupa akapiga vigelegele mdomo ukiwa umefungwa, maana baba mkwe yuko ng'ambo ya pazia. Wakasubiri sauti. Yule shangazi akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena, kama perege kwenye beseni.

"Baba Angel," Ikupa akamnong'oneza mumewe, "tela limekwama mizani?"

Osea akaenda sebuleni kukagua. Sauti yote ilikuwa huko, kwenye sabufa, imekaa imetulia, haina mpango wa safari. Akaongeza mpaka vikombe vikacheza kabatini, lakini haikusaidia. Jiko lilikuwa na mabati matupu, na mvua ikishaanza kuyapiga, hata ugomvi unaahirishwa. Jikoni kulifika mdundo tu.

Ikawa hivi: mzee ana sauti ya kutosha na macho hana. Ikupa ana macho mawili mazima na sauti hana. Na katikati, koridoni, Osea.

Mzee alianza kuuliza. Muziki umebadilika, kuna nini? Osea anakimbia jikoni, Ikupa anamwambia kijana amepanda farasi, Osea anarudi kusema. Ikupa anauliza yule mama analia nini, Osea anakimbia sebuleni kusikiliza. Tatizo ni kwamba yeye tamthilia hakuwahi kuifuatilia. Akamwambia mzee kwamba shangazi amepanda farasi. Akamwambia Ikupa kwamba anayelia ni farasi. Pande zote mbili zikamkasirikia, kila mmoja kwa wakati wake, na safari ya tano alipojikwaa kwenye ndoo akaona bora aende kwa Tabu kuuliza kama ana waya wowote mweupe na mwekundu.

Alienda moyo mzito. Alijua atakaporudi, tamthilia itakuwa imekwisha, mkewe amenuna, na mzee anakunja mashati.

Tabu alikuwa na waya. Akajitanda khanga, akamfuata, maana hadithi ya tela aliona ni dhambi kuisikia bila kuiona. Walipofika mlango wa uani, Osea akamshika mkono wasimame. Ndani palikuwa na watu wanaongea.

"Wewe sufuria," sauti ya Ikupa ilikuwa inasema, juu kuliko mvua, "sisemi na mtu, nasema na wewe. Shangazi anatia kitu kwenye chai ya kijana, na kamgeuzia mgongo."

Ng'ambo ya pazia kiti kikaburutwa. Kisha mzee akajibu kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe bonde la pili.

"Wewe sabufa, na mimi sisemi na mtu. Kumbe ndiyo maana kile kijiko kimelia sana. Nilidhani anapenda sukari."

"Sufuria, kijana ananyanyua kikombe."

"Sabufa, mwambie asinywe."

"Sufuria, anakunywa."

"Sabufa, huyu mtoto hakulelewa."

Tabu akajishindilia khanga mdomoni. Osea alichungulia. Mkewe alikuwa amekaa juu ya kigoda chini ya kidirisha, mgongo kwa pazia kama mila inavyotaka, sufuria ya ugali miguuni, macho kwenye televisheni. Heshima haikupungua hata punje. Wala hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Sufuria, mdomo wa shangazi unakwenda. Anasema nini?"

"Sabufa, anasema amemtunzia kijana shamba la baba yake. Muongo mkubwa. Juzi si alisema kwa mdomo wake ameliuza?"

"Alisema, sufuria."

"Nilimsikia mimi, sabufa."

Hapo Tabu akashindwa. Akaketi palepale kwenye kizingiti, machozi yanamtoka, akamwambia Osea kwamba kwao Tanga yeye humkata baba mkwe kucha kwa mkono wake, na bado hajawahi kuona familia inayopatana namna hii.

Osea akakohoa, akapita hadi sebuleni. Mzee alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu na pazia, kofia imeenda upande. Osea akamweleza kwamba waya umepatikana, dakika moja tu na jikoni kutakuwa na sauti kamili, hakuna tena mtu wa kumsumbua mwenzake.

"Nani kasumbuliwa?" mzee akauliza.

Osea akaukunja waya. Akauliza basi kuhusu kesho, kama amkatie tiketi ya asubuhi.

"Kijana kanywa sumu, hatujui anaamka au haamki, na wewe unanikatia tiketi?" Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyezaa bahati mbaya. Kisha akashusha sauti. "Alhamisi nipeleke mapema. Huyo shangazi nataka nimwone kwa macho yangu."

Upande wa pili wa pazia, mwiko ulianguka ndani ya sufuria.

Alhamisi alipelekwa, na mambo yakaenda salama. Alirudi mchana jicho moja limefungwa, na masharti ya daktari kichwani: asiiname, asibebe mzigo, asicheke kwa nguvu. Wakati huo Osea alishachomeka ule waya mweupe na mwekundu, na jikoni sauti ilikuwa inatoka safi. Ikupa hakuhitaji tena kuambiwa chochote. Hata hivyo jioni ilipofika alibeba kigoda chake, akakaa chini ya kidirisha, na kuanza kumweleza sufuria kila kitu, pamoja na yale ambayo sabufa ilikuwa imeshayasema.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya hakimu. Hakimu akavaa miwani, akafungua mdomo, na umeme ukakatika Tunduma nzima.

Mtaa mzima ukaguna. Osea, koridoni, alisubiri kusikia kiti cha mzee kikisogezwa. Hakikusogezwa. Mvua iliendelea kudondoka, halafu sauti ya Ikupa ikatoka gizani, ikiwa imetulia kabisa.

"Wewe sufuria, hakimu kamfunga shangazi maisha."

Mzee akavuta pumzi. "Sabufa imezimika, lakini nasikia. Na shamba?"

"Shamba limerudi kwa kijana. Na shangazi, wakati anapelekwa gerezani, gari limepita karibu na kile kisima, akateleza akatumbukia."

"Kilekile?"

"Kilekile, sufuria. Na kilikuwa na vyura."

Osea alisikia kicheko kikianzia tumboni kwa mzee, kikikataliwa njia, kikipita kwa nguvu. Akaingia mbio kumkumbusha masharti ya daktari. Mzee akampungia mkono atoke, huku amejishika jicho lenye bandeji.

"Mwache aendelee," alisema. "Sufuria, hao vyura walimfanya nini?"