Pengo la Kujibia

Wanaoniita mchochezi hawajakosea. Kusoma nilijifunza mwenyewe. Kusahau hakuna aliyenifundisha.

Dirisha la chumba cha kurekodia masomo ya Kitaliano lilizibwa kwa godoro, kelele za barabarani zisiingie. Bi Kengele, msomaji wetu wa kwanza, alikohoa humo mwaka mzima. Tuliomba lifunguliwe, bosi akatucheka: kwani tunalipwa kwa kupunga upepo? Bi Kengele alitutania kwamba akifa tumzike mlangoni. Akafia kitini, mkanda ukizunguka. Kiti kabla hakijapoa akakalishwa mdogo wangu wa kike. Naye akaanza kukohoa.

Kazi ilikuwa hivi: unasoma kitenzi silabi kwa silabi, kisha unanyamaza ili mwanafunzi nyumbani kwake arudie. Ukimya huo tuliuita pengo. Par-la-re, pengo. Dor-mi-re, pengo. Mimi, fundi mitambo, nilisikiliza upande wa pili wa kioo.

Asubuhi moja ikafika zamu ya kitenzi "wanapumua". Mdogo wangu akakitamka kama wengi wetu tungekitamka, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: re-spi-RA-no. Akanyamaza. Ndani ya pengo sauti ikamsahihisha, taratibu: re-SPI-ra... Silabi ya mwisho haikuja. Ilikuja pumzi tu, kama ya mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa.

Nikarudisha mkanda. Imo. Bosi akasikiliza, jasho likamtoka puani. Wala hakuuliza ni nani. Akaniamuru nifute, kazi iendelee.

"Kaka," mdogo wangu akasema kwenye kipaza sauti, bila kugeuka, "yuko nyuma yangu. Nasikia kifua chake. Usimfute."

Nikaingia, nikaling'oa godoro, nikavunja dirisha kwa stuli. Barabara ikaingia yote, honi na vumbi lake. Kwenye spika silabi ya mwisho ikatamkwa, na kifua kikashuka.

Tulifukuzwa sote wawili. Mdogo wangu hakohoi tena. Lakini bosi ameliziba dirisha upya, na kuna binti mwingine kitini.

Kwa hiyo kila asubuhi nasimama chini ya dirisha lile na bomba langu la kupazia sauti. Di-ri-sha, nasema, kisha naacha pengo. Huko juu hujibu wawili. Anayekohoa ni mmoja tu.