Maswali ya Septemba

Kila Septemba wasichana wapya wanaokuja bwenini kwetu kutoka nchi za mbali huniuliza yaleyale, nami matroni wao nayajibu nikinung'unika. Ndiyo, mvua ndiyo hiyo, haikomi. Simu nazichukua jioni. Wali upo, ila msiufananishe na wa kwenu.

Alasiri moja ukungu ulikuwa umeumeza uwanja wa magongo, kondoo wa jirani wanalia humo ndani kama wako mawinguni. Tulikuwa tunakunywa chai na mkate wa kuchoma. Nattarika, aliyefika jana yake kutoka Bangkok, akauliza taratibu, "Matroni, nikiota kwa Kithai, nani atanielewa?"

Ottilie, Mjerumani aliyekuwa nasi tangu mwaka jana, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wewe nawe! Kwani ndoto zina mkalimani?"

"Hebu funga domo hilo," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mgeni. "Jana ulisinzia kwenye kochi langu, mwanangu. Ukaita, 'Mae, mae.' Kithai sikijui hata kidogo, lakini nilijua ni mama unayemwita, nikaja nikakushika mkono."

Ottilie akawa anakizungusha kikombe chake tu.

"Matroni," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nikiota huwa namwita nani?"