Furukombe na Matuta ya Hiram

Asubuhi moja ya Februari 2008, Wachuka alikuwa akiwakorogea wanawe uji nje ya hema, katika kambi ya waliofurushwa pale Nakuru, furukombe alipotua juu ya mlingoti na kuangusha kiazi.

Alikuwa kama wale wanaovua samaki ziwani: kichwa na kifua vyeupe, tumbo la hudhurungi, mabawa meusi. Alirusha kichwa nyuma, akalia, akaondoka. Kiazi kilinuka udongo wa Kuresoi, kwao walikofukuzwa. Wachuka alikiosha.

Kila asubuhi furukombe alileta kingine. Waliokimbia baadaye walisema walimwona Kuresoi, ametulia kwenye mti mkavu kando ya shamba la Wachuka, akiyatazama matuta. Kisha alishuka, akachovya kucha bila kusimama. Udongo ulimpisha kama maji, ukajifunga.

"Wachuka, huyu ndege wako anatafuta chakula kushinda mzee wangu," alisema Jackie wa hema la pili.

"Mzee wako angalau yuko."

Jackie aliomba viazi viwili.

Hiram, mume wa Wachuka, alibaki shambani nyumba zilipoanza kuchomwa baada ya kura. Alisema anamalizia kupandishia viazi udongo, matuta mawili tu, halafu awafuate. Kila jioni Wachuka alimngoja kwenye lango la kambi.

Machi, furukombe aliangusha gambuti la kushoto, buti la mpira la shambani. Lilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli, ambacho Wachuka alikibandika mwenyewe.

Alikaa nalo mapajani. Furukombe hapigi mbizi. Huchukua kilicho karibu na uso wa maji. Cha chini hukiacha. Basi waliomfukia Hiram hawakuchimba sana.

Alilipeleka kwa askari wa lango.

"Mathe, gambuti si mtu," alisema askari. "Piga ripoti kule lilikopotea."

"Waliomzika ndio wanalima kule."

"Basi ngoja kutulie." Aliligeuza, akaligonga. "Soli bado iko sawa. Tafuta la pili."

Siku hiyo Wachuka hakwenda langoni jioni.

Asubuhi furukombe alileta kiazi kikubwa kuliko vyote, chenye ganda gumu. Viazi vya matuta mawili ya mwisho ya Hiram vilikuwa vimekomaa. Jackie alikuwa ameshawasha moto. Wachuka alikishika kwa muda, akakimenya, akakitia sufuriani.

Watoto walikula, wakaomba chumvi. Akawapa.